Tulivyokanyaga Mipaka Kule Hispania

Siku ile tulipokuwa tunakula kwa Mama Wabiwa mliniuliza kwa pamoja, midomo imejaa ugali: nyumba mlinunua au hamkununua? Na we Nyassa, mtu anatoka fasi ya jua na amani, anarudi huku kwetu Baraka kutafuta nini? Nikajaribu kujibu. Lakini kila nikifika kwenye gari-moshi mnaanza kucheka, na kila nikifika kwenye ndege kuna mtu anaomba pilipili. Basi nimekaa chini, nimeandika. Someni polepole. Haraka haraka haina baraka, na wenye Baraka ndio sisi.

Habari ya pasipoti, viza na mihuri sitaisema. Ilinikondesha mara moja, inatosha.

Jueni hivi tu. Mdogo wangu Sifa alikimbilia Kigoma, ng'ambo ya ziwa, vita ya kwanza ilipoingia, na huko akaolewa na Pako, Muhispania mrefu aliyekuwa anachimba visima vya wakimbizi. Wakahamia mji wa kina Pako, mji mdogo wa pwani, jua lake haliishi. Vita ya pili ilipotukaa shingoni, Sifa akanitumia neno kwa mdomo wa watu wa boti: "Mwambieni Yaya, dada yangu mukubwa, akuje. Tumepata nyumba ya kununua na chumba chake iko ndani. Bila yeye sinunui, na akifika harudi tena kwenye vita."

Bila yeye sinunui! Mnajua kwa nini alisema vile. Mnakumbuka parseli ya baba, kile kiwanja chetu. Niliporudi kutoka kukimbia, nilimkuta bwana mmoja amekaa ndani, ana karatasi iliyojaa mihuri. Karatasi yetu iliungua pamoja na nyumba. Aliyetuokoa ni Mama Wabiwa, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Alisimama kwenye ua wa miyenzi, ile miti inayotenga parseli zetu, mikono kiunoni, akasema: "Mi nilikula hapa nikiwa binti, siku baba yao alinunua. Mupaka iko hapa, inapita hapa, inaishia kwa lile jiwe." Yule bwana akafunga mizigo. Kwetu ndivyo tunavyonunua. Majirani wote wanaitwa, mnakanyaga mipaka pamoja kwa miguu, muuzaji anasema wazi kwa nini anauza, mnunuzi anasema nani atakaa, halafu mnakula sufuria moja. Aliyekula ni shahidi mpaka kufa.

Mi ni mjane, Mungu hakutupa mtoto, kwa hiyo hapakuwa na wa kunishika kikwembe kiunoni nisiende. Nilifunga mfuko wa ndagala kavu, dagaa za ziwa letu, zile nzuri, na kidumu cha mawese. Nyumba hainunuliwi mikono mitupu.

Ziwa

Boti ilikuwa iondoke asubuhi. Ikaondoka juma lililofuata. Kwanza mashine ilikataa. Halafu upepo. Halafu askari wa pale ufukweni wakaichukua kwenda kuleta bia yao. Halafu nahodha akafiwa na shangazi. Kila asubuhi nilikuja kuwaaga, mkalia, na kila jioni nikarudi na mfuko wangu. Mwishoni hakuna aliyelia tena. Mwenzenu Mama Echa hakuinua hata kichwa kutoka kwenye samaki zake, akasema, "Ukienda kweli tutasikia."

Siku tulipoondoka kweli hapakuwa na mtu wa kuniaga. Sijawasamehe.

Nilikaa karibu na mama mmoja wa Kilembwe, mtu wa mashamba ya ndani, hajawahi kupanda boti. Alikuwa na kuku mapajani. Tulipotoka kidogo tu akaniuliza, "Mama, inasimamaga wapi, batu bashuke bakojoe?"

"Haisimamagi."

Akatazama maji mbele, akatazama maji nyuma. "Aka! Na kuku?"

Kule mbele ya rasi ya Ubwari mashine ikakohoa, ikanyamaza. Mawimbi yakatugeuza mara huku, mara huku. Wakatoliki wakatoa rozari. Waprotestanti wakaanzisha wimbo. Wakatoliki wakaona wanazidiwa, wakapandisha sauti. Waprotestanti wakapiga makofi. Mama wa Kilembwe hakujua aende upande gani, akasali na hawa akaimba na wale, na kuku naye akachangia. Nadhani Mungu alichoka na kelele, maana mashine iliwaka yenyewe na wote tukanyamaza kwa aibu.

Kigoma, pale ufukweni, nikasikia jina langu linaitwa kwa sauti niliyoijua kabla sijamwona mwenyewe. Mama Wabiwa! Vita hii ya pili alikuwa amekimbilia kambi ya wakimbizi, na siku ile alikuja kutafuta samaki za kuuza. Tulikumbatiana mpaka mabega yakauma.

"Nyassa! Parseli yangu iko?"

"Iko. Miyenzi yako mi nakata kila musimu."

"Na batu ndani?"

"Batu hakuna. Iko majani tu."

Akashukuru Mungu, akaingiza mkono kwenye mfuko wangu bila kuniuliza, akatoa ndagala moja, akatafuna. Ndivyo alivyo. "Banasema we unahama."

"Naenda kuona kwanza."

"Ukihama," akasema, bado anatafuna, "nani atasema ile fasi iko yangu?"

Akacheka, nami nikacheka, akanibebea kidumu mpaka stesheni. Lakini neno lake nilipanda nalo gari-moshi.

Gari-moshi

Sasa hapa naomba msicheke kabla sijamaliza.

Stesheni palikuwa na watu, na wezi, na harufu ya ndagala inajulikana Kigoma yote. Nikaona nizifiche. Nikaufunga mfuko mgongoni kwa kikwembe, nikafunika na kingine juu. Nilipopanda tu, bwana wa tiketi akapaza sauti: "Mpisheni mama mwenye mtoto!" Watu wakasimama. Kijana mmoja akapangusa kiti kwa shati lake. Ningesema nini? Nilikaa.

Mbele yangu alikuwa bibi mmoja wa Tabora, mweupe wa nywele, mwenye adabu nyingi. Akanitazama, akatabasamu. "Mtoto ametulia sana."

"Ndiyo bibi. Ni mtulivu."

"Wa kiume?"

Wa kiume au wa kike, mi nijue wapi! "Wamechanganyika," nikasema. Ulimi uliniteleza tu. Akadhani ni mapacha, akanionea huruma.

Jua likapanda. Behewa likaanza kunuka. Watu wakafungua madirisha, wakatazamana, kila mtu anamshuku mwenzake. Bibi akasogea karibu yangu kwa upole. "Mwanangu, nafikiri inabidi umbadilishe."

Nikajifanya kusimama, nikaegemea vibaya, mfuko ukapasuka. Ndagala zikamwagika kutoka mgongoni kwangu kama mvua, zikajaa kwenye kiti na kwenye viatu vya watu. Bibi akainama, akaokota moja, akaipangusa, akaitia mdomoni. Akatafuna kwa utaratibu.

"Mtoto wako mtamu," akasema.

Mama yangu! Watu walicheka mpaka bwana wa tiketi akaja mbio kuuliza kuna nini. Na ilikuwa heri, maana mbele tulikuta reli imebebwa na maji, tukalala pale porini tukingoja itengenezwe, na hakuna cha kula ila viazi vitamu vya wenyeji. Viazi na ndagala. Behewa letu peke yake ndilo lililoshiba. Tulipoachana Dar es Salaam, bibi wa Tabora aliniaga na kumsalimia mtoto.

Angani

Ndege nitaisema kwa kifupi kwa sababu nilifumba macho. Mama wa ndege alipita mara nyingi akinusa, akafungua makabati ya juu, akafunga. Mi nilikuwa nimeweka ndagala chini ya miguu, nikavua viatu, ili akifika kwangu adhani ni miguu yangu. Alifika, akadhani, akanipa soksi.

Kule kwenye forodha ya Hispania askari kijana akafungua mfuko wangu. Macho yale madogo ya ndagala yote yakamtazama. Akautazama uso wangu, akazitazama tena, akafunga mfuko taratibu, akanionyesha mlango. Mpaka leo sijui alifikiri nini, lakini Mungu ambariki.

Mji uliokimbiwa

Sifa alinipokea akilia, nami nikilia, na Pako katikati yetu akisema, "Shikamoo dada, pole na safari, karibu sana." Kiswahili chake ni kile cha Kigoma, cha shikamoo na tafadhali, mpaka nikauonea haya mdomo wangu. Tukapanda gari. Bahari upande mmoja, vilima vikavu upande mwingine, na jua. Ee jua lile! Linawaka kama letu, lakini kavu, halina matope nyuma yake.

Tukafika mjini mchana kweupe. Nyumba nyeupe, zimebanana kwenye kilima. Tukashuka. Na hapo nikasimama.

Hapakuwa na mtu. Milango imefungwa. Madirisha yamefungwa, mbao juu yake. Kiti kimeachwa nje, gazeti juu ya kiti. Hakuna mtoto analia, hakuna mama anatwanga, hata mbwa hakuna. Nyinyi mnajua mji ukiwa vile maana yake nini. Nikamshika Sifa mkono, nikamvuta kwenye ukuta.

"Sifa. Batu bako wapi?"

"Banalala, Yaya."

"Bote?"

"Bote. Iko saa ya kulala."

"Mchana? Na mulinzi nani?"

"Hakuna mulinzi."

Nilimtazama kuona kama ananidanganya ili nisiogope. Pako naye alikuwa amesimama pale, ametulia, anatafuta funguo mfukoni. Mji mzima umelala mchana, milango haina mlinzi, na hakuna anayekuja! Nikaanza kucheka. Nilicheka mpaka nikakaa kwenye kile kiti cha mwenyewe, juu ya gazeti lake, machozi yananitoka. Dirisha moja likafunguka juu, mtu akasema "Shhh!" Hiyo ndiyo karibu yangu Hispania.

Nyumba ya Mama Pilari

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mjane, Mama Pilari, amevaa nguo nyeusi, mgongo umenyooka. Ilikuwa nyumba nzuri, siwezi kusema uongo. Ua katikati, mtini mmoja uliojaa tini, ngazi za mawe, na ukisimama juu bahari yote ni yako. Sifa alikuwa amekwisha kuipenda mpaka amejua ataweka wapi ndoo.

Mi nilianza kazi yangu. Nikagonga kuta. Nikauliza maji yanatoka wapi na mvua inapita wapi. Nikatafuta mlango wa nyuma, hapakuwapo. "Nyumba bila mlango wa nyuma iko mutego," nikamwambia Pako.

"Dada, hapa hatukimbii," akasema kwa adabu.

"Hata sisi hatukukimbia, mpaka siku tulikimbia."

Akawaza, akakubali ni kweli.

Pako alikuwa na avoka wake, mwanasheria, mtu makini mwenye mkoba, amekwisha tazama kila karatasi ya nyumba ile mpaka ya babu wa babu. Kesho kutwa ilikuwa siku ya kutia sahihi. Nikasema karatasi ni nzuri sana, na avoka apewe heshima yake. Lakini majirani? Nani amewaita? Nani amekanyaga mpaka? Mama Pilari amesema kwa nini anauza?

"Yaya, huku habafanye vile," Sifa akasema.

"We uliniita kwa nini? Kuona bahari?"

Akakubali kunifasiria. Kwa sababu alijua, na mi nilijua, nani aliturudishia parseli ya baba, na hakuwa avoka.

Sufuria

Walipoamka kutoka usingizi wao, nilipita mlango kwa mlango. Mi napiga hodi, Sifa anaeleza kwa lugha yao huku uso umemwiva kwa haya. "Yaya wangu anasema mje kesho mchana kwa Mama Pilari, tutembee kuzunguka ukuta, halafu tule." Wanauliza ni sikukuu ya nani. Sifa anasema ni desturi. Mzee mmoja wa nyumba ya tatu, Manolo, mwenye tumbo kubwa na kofia, akauliza jambo moja tu: kuna chakula gani?

Walikuja wote! Walikuja na mikate, na divai, na zeituni, na viti vyao kichwani. Nilikuwa nimepika ugali wa unga wa mahindi ambao Pako aliuhangaikia mji mzima, na ndagala kwenye mawese na nyanya, na pilipili. Harufu iliteremka mpaka bandarini. Kwanza tukakanyaga mipaka. Mi mbele, Mama Pilari nyuma yangu, halafu majirani mstari mmoja, na nyuma kabisa mbwa wa mtu. Kila kona nilisimama, nikapiga mguu chini, wote wakapiga mguu chini. Mara ya pili walikuwa wanashindana nani atapiga kwa nguvu. Manolo akapasua kigae.

Halafu tukakaa kwenye meza ndefu chini ya mtini. Nikamwambia Sifa: sasa Mama Pilari aseme mbele ya watu kwa nini anauza, ndipo tule.

Mama Pilari akasimama. Akaanza kusema polepole, na Sifa akaninong'oneza. "Anasema mume wake alikufa. Batoto wake bako mbali kwenye miji mikubwa." Nikaitikia kwa kichwa, sababu nzuri, inaeleweka. Mama Pilari akaweka mkono juu ya meza. Sauti yake ikabadilika. Sifa akapunguza yake. "Anasema nauza kwa sababu kwenye hii meza hajakaa mutu tangu siku tulizika. Anabauliza, nyinyi mulikuwa wapi?"

Manolo akaacha kutafuna, maana alikuwa amekwisha anza. Halafu mama mmoja wa nyumba ya kushoto akainuka analia, akasema maneno mengi, akaja kumshika Mama Pilari. Na mwingine. Na Manolo akavua kofia. Wote wakawa wanaongea kwa pamoja, wanajipiga kifua, wanafuta macho kwa vitambaa vya mkate. Mama Pilari akapangusa uso, akavuta kiti, akakaa mahali pa mwenye nyumba, akasema neno moja fupi. Wakalipuka kwa makofi!

Mi pia nikapiga makofi, kwa nguvu kuliko wote, na kigelegele juu yake. Ndipo nikaona Sifa hapigi.

"Amesema nini?"

"Amesema hauzi."

Walikula mpaka sufuria ikang'aa. Waliimba. Manolo alirudia kupakua mara nyingi, akasema ndagala ni dawa ya moyo. Mi sikushusha tonge. Sifa aliosha vyombo kwa kelele na hakunitazama. Tulipobaki wenyewe jikoni ndipo alipogeuka, povu mikononi.

"Tungenyamaza, Yaya, kesho tungekuwa na funguo. Mi nilitaka kitu kimoja tu. Nilitaka fasi moja duniani yenye batu habawezi kutufukuza, na we ndani yake."

Nililia, naye akalia, kila mtu upande wake wa sinki. Nilivuka ziwa na mbingu kuja kulinda nyumba ya mdogo wangu, nikaivunja mwenyewe kwa sufuria ya ndagala.

Mlango wa nyuma

Asubuhi tukapigiwa hodi. Alikuwa Mama Pilari, ameweka ua kwenye nywele, na Manolo nyuma yake amevaa shati safi. Pako akafasiri. Nyumba iliyo ubavuni mwa Mama Pilari ni ya Manolo, aliachiwa na shangazi yake marehemu. Ilikuwa imefungwa miaka. Alikuwa haiuzi, kwa sababu hakutaka mtu asiyemjua akae mtaani kwake. Jana usiku alikuwa amewaza kuhusu zile samaki ndogo, akaona sisi anatujua.

Tukaenda kuiona. Weee! Mlango wa buluu umebanduka rangi. Njiwa wamezaa kwenye chumba kikubwa. Bahari unaiona ukipanda juu ya kiti. Sifa akauma mdomo. Mi nikapita moja kwa moja mpaka jikoni, nikasukuma mbao kuukuu ukutani, ikafunguka. Nikajikuta chini ya mtini wa Mama Pilari, ambao majani yake yalikuwa yameuficha mlango ule.

"Mlango wa nyuma!" nikapiga kelele. "Sifa! Iko na mlango wa nyuma!"

Sifa akacheka. Alikuwa hajanicheka tangu jana, na mi nilishukuru.

Pako akaenda kwa avoka wake na mi nikaenda sokoni, kila mtu na kazi yake. Karatasi zilipokuwa safi, tukakanyaga tena. Safari hii hawakuhitaji kufundishwa. Mama Pilari ndiye aliyetangulia, na alipiga mguu chini kama askari. Manolo akasema kwa nini anauza: nyumba bila moshi inamhuzunisha, na yeye ana njaa. Watu wakacheka, wakakubali.

Halafu zamu ya mnunuzi. Sifa akasimama, akasema kwa lugha yao, akarudia kwa yetu ili nisikie. "Nanunua nikae na bwana yangu. Na kile chumba cha chini iko ya Yaya. Yeye harudi tena."

Wote wakanigeukia wakitabasamu. Chumba kile nilikuwa nimekiona. Alikuwa amekwisha kukiosha, akatundika kikwembe changu cha zamani dirishani. Jua linaingia mpaka kwenye kitanda. Na nilikitaka, msidhani sikukitaka! Nilitaka kulala mchana, mlango wazi, bila mlinzi.

Lakini huwezi kusema uongo mbele ya sufuria. Nikafikiri mtaa wetu. Siku Mama Wabiwa na marehemu bwana yake walinunua, nani alikula? Marehemu baba yetu. Fundi Sango, naye marehemu. Wale wa kona wote wako ng'ambo ya ziwa, na nyinyi mlihamia mtaani baadaye, hamkuila sufuria ile. Na mi, nikiwa msichana, nilipewa kichwa cha samaki. Mdomo uliobaki Baraka ulikuwa huu wangu tu, na huu nao ulikuwa Hispania unakula zeituni.

"Sifa," nikasema. "Nyumba iko salama. Mashahidi iko nao mtaa muzima. Lakini mi narudi. Pale kwetu batu batarudi siku moja, na bataulizwa, nani anajua mupaka wenu? Kama mi niko hapa, nani atasema?"

Watu wakangoja. Hawakuelewa neno. Na mfasiri alikuwa Sifa mwenyewe, hakuna mwingine, maana Pako alikuwa amegeuka ukutani. Sifa akawageukia. Akawaambia kwa lugha yao kwamba dada yake anarudi, neno kwa neno, mpaka mwisho, machozi yakidondoka kwenye kola, hakuruka kitu. Nilimwona mdogo wangu siku ile.

Halafu Mama Pilari akazunguka meza, akanishika mashavu kwa mikono yake mikavu, akasema jambo. Sifa akacheka katikati ya kilio.

"Anasema usiogope. Chumba chako ataitunza yeye. Atalala ndani kila muchana."

Baraka

Kurudi kulikuwa kule kule kwa kinyumenyume, ila mfuko ulikuwa na zeituni, na mnajua yaliyozipata. Mama Echa alisema zimeoza, watoto wakazichezea gololi. Mlinipokea kwa kicheko, mkaniita Muhispania. Askari walikuwa bado pale ufukweni na bia yao. Nikachukua panga, nikaenda kukata miyenzi ya Mama Wabiwa.

Mmoja wenu hakuniuliza kitu. Ni Mama Wabiwa mwenyewe. Siku vita ilipopumua kidogo alishuka kwenye boti na godoro kichwani. Alikuta mtu kwenye parseli yake. Wakati niko safarini, mtu mmoja aliyekimbia kutoka milimani alikuwa amejenga kibanda na kupanda muhogo, na niliporudi na kumwambia ni ya mtu, akasema mwenyewe aje kwanza. Hakuwa mtu mbaya, naye alikuwa na watoto na vita ndiyo ilimleta. Lakini alisimama mbele ya watu, akasema, "Majirani ba zamani bote balikimbia. Nani anajua hii iko ya nani?"

Mama Wabiwa akashusha godoro. Alinitazama mi tu.

Nikaenda kwenye miyenzi, nikaweka mikono kiunoni. "Mi nilikula hapa," nikasema. "Mupaka iko hapa." Nikapiga mguu chini. "Inapita hapa. Inaishia kwa lile jiwe." Na Mama Wabiwa akaja nyuma yangu, akapiga mguu, na nyinyi mkaja nyuma yake, mmoja mmoja, mkipiga mguu. Yule bwana akainamisha kichwa. Tukakubaliana avune muhogo wake kwanza, naye akakaa, akanawa mikono, akala na sisi.

Hiyo ndiyo sufuria mliyokuwa mnakula mkiniuliza kwa nini nilirudi. Mliila mpaka chini, niliwaona. Basi siku nikifa, msiseme hamjui.